Jina la mtoto si mahali pa kumalizia ugomvi

Naitwa Semeni. Mama yangu alikaa miaka saba kwenye ndoa bila kupata mtoto, na miaka yote hiyo majirani na mawifi hawakukosa la kusema: mara tasa, mara karogwa, mara mume aongeze mke. Nilipozaliwa akawajibu kwa jina. Haya, semeni sasa.

Uchungu wa mama naujua na siubezi. Lakini wale aliokuwa akiwajibu, wengi walikuwa wameshahama au wameshafariki kabla sijaanza darasa la kwanza. Jibu likabaki kwangu. Mwalimu akiita majina asubuhi, akifika kwangu darasa zima linaitika, "Tunasema!" Na mpaka leo, nikijitambulisha kwa mtu mzima, huwa ananitazama kidogo halafu anauliza, "Mama yako walimsema nini?" Jambo lililomuumiza mama faraghani, mimi naliandika kwenye kila fomu.

Ndiyo maana simu ya mdogo wangu Jumapili iliyopita imeninyima usingizi. "Shikamoo dada. Tumepata mtoto wa kiume." Nikapiga vigelegele peke yangu chumbani. Halafu akaniambia jina ameshalipata: Ushindi.

Jina zuri, na kwa mtu wa mbali halina kasoro. Ila kwetu Muheza kila mtu anajua nani kashinda na nani kashindwa. Mwezi uliopita mdogo wangu alishinda kesi ya shamba la michungwa dhidi ya baba mdogo, baada ya miaka minne ya kupishana barazani. Baba mdogo anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mtoto akiitwa kula, akiitwa kuoga, akiitwa aende madrasa, yule mzee atakuwa anasomewa hukumu upya. Na mtoto atakua akimwamkia babu yake huyo, babu anageuka pembeni, naye asijue kamkosea nini.

Mdogo wangu anajitetea kwamba wazee wetu walitoa majina kwa matukio. Kweli walitoa. Aliyezaliwa usiku ni Chausiku, wa kwenye mvua Mwamvua, wa siku ya Idi Mwanaidi. Wasukuma wakipata pacha, anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Wajaluo wana Otieno wa usiku. Wabukusu wana Wafula wa majira ya mvua na Wanjala wa wakati wa njaa. Hata baba yake Mwalimu aliitwa Nyerere kwa sababu ya viwavi walioivamia nchi ya Wazanaki alipozaliwa. Mwalimu mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 siku ya mvua, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua.

Lakini yaangalie vizuri majina hayo. Mvua ilimnyeshea kila mtu. Viwavi hawakuchagua shamba la kula. Hakuna jirani aliyenyooshewa kidole hapo, wala ndugu aliyesutwa. Anayeitwa Wanjala amebeba kumbukumbu ya kijiji kizima. Hakubebeshwa kesi ya baba yake.

Kina Shida, Tabu na Mashaka ni habari nyingine, na sitawalaumu wazazi wao. Mama aliyezika watoto watatu, akimpata wa nne, nani atamfundisha maneno ya kuchagua? Ninachosema ni kwamba jina kama hilo linaweza kuachwa njiani bila dhambi. Msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, akaitwa Mtumwa, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na sisi tunamjua kama Siti binti Saad. Siti ni mwanamke wa heshima. Kila ninapofikiria umbali kati ya majina hayo mawili, moyo wangu unatulia.

Wapo wasiokubali kuliacha. Katika hadithi za Mtume (S.A.W.) yumo bwana mmoja aliyeitwa Hazn, maana yake ugumu. Mtume akamwambia, wewe ni Sahl, yaani wepesi. Yule bwana akakataa: jina alilonipa baba yangu silibadilishi. Mjukuu wake, Said bin al-Musayyab, alikuja kusema kwamba ule ugumu uliendelea kukaa ndani ya ukoo wao. Kisa hiki nimemsomea mdogo wangu kwenye simu, mara mbili.

Na asiniambie kwamba mtoto akikua atabadilisha. Jina likishaingia kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA linamfuata mpaka kwenye cheti cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa. Kulibadilisha ni wakili, ada na maelezo mengi kwa watu usiowajua. Mimi niliwahi kuanza safari hiyo, nikaishia katikati.

Niliishia katikati kwa sababu ya mama. Nilikwenda kumuomba ruhusa, nikamkuta anachambua mchele. Alinyamaza muda mrefu, ungo umetulia mapajani. Kisha akasema, "Nilikuwa na hasira nao, mwanangu. Wewe nilikuwa bado sikujui." Sikuweza kuendelea na habari ya wakili.

Maneno hayo nayo nimempa mdogo wangu. Kisha nikaomba niongee na wifi, maana katika simu zote hizo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Kumbe tangu mimba ina miezi mitano alikuwa akimwita mtoto Habibu, kimyakimya, usiku mume akiwa amelala.

Nimemwomba mdogo wangu amwalike baba mdogo kwenye akika, na jina liwe lile ambalo mzee anaweza kulitamka mbele ya watu bila kuinamisha kichwa. Amesema atafikiri. Leo ni Jumatano. Mtoto ananyolewa Jumamosi.