Fishi isiyo na kosa

Kuna msemo ambao sisi wakuu wa kazi tunaupenda sana: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Nami niliutumia kwa miaka nikidhani ninawatia vijana wangu moyo, kumbe wao walikuwa wakisikia nusu ya pili tu, ile yenye fimbo.

Nilitambua hayo mbele ya friji ya chanjo, katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu nilichokuwa nikikisimamia. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na kipimo husomwa asubuhi na jioni kisha kuandikwa kwenye fishi, yaani karatasi ya kumbukumbu inayobandikwa mlangoni. Miezi miwili kabla, muuguzi mmoja aliniletea habari kwamba mlango wa friji ulikuwa umelala wazi, nami nikamgombeza palepale, mbele ya akina mama waliokuwa foleni na watoto mgongoni. Tangu siku ile fishi ilipendeza ajabu: 5 asubuhi, 5 jioni, hata siku ambazo umeme ulikatika mtaa mzima. Nakiri kwamba nilifurahi.

Vichupa ndivyo vilivyonisuta. Kwenye lebo ya chanjo ya polio kuna duara lenye mraba mdogo ndani yake, na mraba huo huzidi kukolea kadiri chanjo inavyopata joto. Rangi yake ikishalingana na ya duara, chanjo hiyo haitumiki tena. Asubuhi hiyo miraba ilikuwa imekaribia kulingana na maduara yake, huku fishi ikiniambia 5. Kijana wa zamu hakujitetea. "Mama, kipimo kilipanda mara nyingi," alisema, "lakini niliogopa sauti yako."

Amy Edmondson, mtafiti wa Harvard, alichunguza makosa ya dawa hospitalini katika miaka ya 1990 akitarajia kwamba timu nzuri zingekuwa na makosa machache. Alikuta kinyume: timu zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kuyasema. Kama ningelijua hilo mapema, fishi yangu safi ingeninyima usingizi.

Sasa naona viongozi wakiandaa semina na kubandika ukutani karatasi za "semeni msiogope". Siamini kwamba zinasaidia sana. Mfanyakazi hasomi ukuta, anasoma uso wa mkubwa wake pale habari mbaya inapotua, kabla hata hajajibiwa. Kwa hiyo nilianza na mdomo wangu: badala ya "Nani?" nikauliza "Imekuwaje?", na la kumwonya mtu nikalipeleka faraghani. Kisha, katika kikao cha Jumatatu, nikaeleza kwamba mimi mwenyewe nilisahau kuagiza mafuta ya jenereta. Kwa wiki mbili hakuna aliyenifuata, walikuwa wakinipima. Wiki ya tatu, mama wa usafi akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa akichomoa waya wa friji ili apate kupiga deki.

Wapo watakaosema kwamba ninalea uzembe. Sivyo, kosa si wizi: anayeuza dawa za kituo kwa mlango wa nyuma hajakosea, ameiba, na wizi una njia yake.

Fishi ya mwezi uliofuata ilikuwa na 9 mbili na 13 moja. Kando ya ile 13, kwa mwandiko wa haraka, yule kijana alikuwa ameandika saa aliyohamishia chanjo kwenye kisanduku cha barafu, na jina lake.