Kurasa 400 za Nchi Isiyokuwapo

Mwandishi wa Kampala akikuonyesha riwaya yake, swali la kwanza analoulizwa ni nani aliyeichapa. Inahusu nini, hilo huja baadaye, kama huja. Akijibu kwamba ameichapa mwenyewe, uso wa msikilizaji hubadilika kidogo, kwa adabu, kama wa mtu aliyeambiwa kwamba bwana harusi amekwenda kujiposea bila wazee. Na ikiwa riwaya yenyewe ni ya fantasia, yenye falme ambazo hazimo katika ramani yoyote na mito inayopanda mlima, hukumu hukamilika papo hapo: huyu alikosa mchapishaji, na hakukosa bure. Hukumu hiyo ndiyo ninayotaka kuipima hapa. Wanaoitoa wana hoja, na nitazieleza. Lakini nakiri mapema kwamba wengi wao hawajawahi kukaa na hesabu ya kitabu cha namna hii, na hesabu hiyo huamua mengi kabla kipaji cha mtu hakijaulizwa.

Nianze na mchapishaji, kwa kuwa naye hulaumiwa kuliko anavyostahili. Biashara ya vitabu nchini Uganda inasimama juu ya shule. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, kila somo lilihitaji kitabu kipya, na Kiswahili kikawa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Nyumba ya uchapishaji yenye fedha za kutoa vitabu vichache kwa mwaka, ikiwekewa mezani kitabu cha Kiswahili cha kidato cha kwanza na riwaya nene ya mfalme aliyeuza kivuli chake, haihitaji kikao kirefu. Kitabu cha kwanza kina mnunuzi anayejulikana hata kabla wino haujakauka, na cha pili hakina. Hiyo ni busara ya kibiashara ambayo hata mimi ningeifuata kama mishahara ya wafanyakazi ingekuwa juu yangu. Ila anayeikubali hoja hiyo hana budi kuukubali na mkia wake: kukataliwa na mchapishaji anayeishi kwa shule hakuthibitishi lolote kuhusu ubora wa mswada. Tunasema mswada ulishindwa, ilhali mara nyingi haukufunguliwa.

Sasa nije kwenye unene, ambao ndio kiini cha jambo. Fantasia ni fani ya kurasa nyingi, na wengi hudhani kwamba ni kwa sababu waandishi wake hawajui kujizuia. Wapo wasiojua, ni kweli. Lakini fikiria mwandishi wa riwaya ya kawaida anapoandika neno moja tu, Wandegeya, jina la mtaa wa Kampala. Msomaji wa Uganda amekwisha kuletewa makondakta wanaoita abiria, kikaango cha chapati za mayai tunazoziita rolex, wanafunzi wa Makerere wanaoteremka kilimani, vumbi, muziki, na taa ya barabarani isiyoheshimiwa na mwendesha boda hata mmoja. Neno hilo limefanya kazi ya kurasa tatu bila gharama. Mwandishi wa fantasia hana neno la namna hiyo. Akisema mhusika wake ameingia katika mji fulani aliouzua, msomaji haoni kitu, na ni juu ya mwandishi kueleza nani anauza nini pale, kwa fedha gani, watu wanaapa kwa nani, maiti anazikwa akielekezwa wapi, na uganga wa nchi hiyo unamgharimu nini anayeutumia. Ayaeleze yote hayo pasipo kuonekana anaeleza, na hadithi isisimame. Kurasa 400 zinatoka hapo.

Zipeleke kurasa hizo 400 Nasser Road, kwa wapiga chapa wa katikati ya Kampala. Karatasi moja kubwa ya mtamboni, kwa kawaida, ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa hutoa kurasa 16. Kwa hiyo nakala moja ya riwaya hii inakula karatasi kubwa 25, na nakala 300 zinakula 7,500, tukiacha zile zinazoharibika mtambo unapoanza. Kitabu cha hadithi cha shule chenye kurasa 96 kinakula karatasi sita. Maana yake ni kwamba mzigo ule ule wa karatasi unaotoa riwaya 300 ungetoa vitabu vya shule 1,250. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi mbele ya watu wanaouliza kwa nini waandishi wa fantasia hawapatikani madukani, na kila mara naona wanatazamia jawabu kubwa zaidi, la utamaduni au la ukoloni, wakati jawabu ni mraba wa karatasi.

Na karatasi si mwisho wa hesabu. Kila moja ya zile 25 inahitaji sahani zake za kuchapia, na sahani hizo hugharimu kiasi kile kile, uchape nakala 300 au 3,000. Mchapishaji mwenye soko la shule huigawanya gharama hiyo kwa maelfu ya nakala hadi haionekani. Mwandishi wa kujitegemea huigawanya kwa mamia. Akikimbilia mashine za kidijitali zisizohitaji sahani, anaokoa gharama ya kuanza, lakini bei ya kila ukurasa inabaki pale pale hata akiagiza nakala nyingi. Kisha kitabu kinafika dukani kwa mali kauli: mwenye duka anakipanga, kikiuzwa analipa, kisipouzwa unakuja kukichukua na kona zake zimejikunja. Anayesema kwamba kujichapishia ni njia rahisi ajaribu kwanza kukusanya fedha za mali kauli katika maduka matano kwa siku moja yenye mvua.

Wapo wanaoshauri kwamba karatasi iachwe kabisa na kitabu kiuzwe kwa njia ya kielektroniki, na ushauri huo una uzito wake. Katika mpango wa Amazon wa kujichapishia, KDP, kitabu cha bei ya kati ya dola 2.99 na 9.99 humpa mwandishi mrabaha wa asilimia 70, na kilicho nje ya bei hizo humpa asilimia 35. Hakuna mchapishaji wa karatasi anayekaribia viwango hivyo. Lakini asilimia 70 hutolewa kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa tu, na Uganda haimo katika orodha. Kwa mauzo ya Uganda ni 35. Kitabu cha dola 2.99 kikinunuliwa Marekani huleta takriban dola 2.09 kabla ya ada ndogo ya faili, na kwa kuwa Uganda haina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 hukatwa huko huko, zikabaki kama dola 1.46. Kitabu hicho hicho kikinunuliwa na jirani wa Ntinda, mtaa wa Kampala, huleta dola 1.05 hivi. Yaani mgeni asiyejua Ntinda iko wapi, hata baada ya kodi ya serikali yake, ana faida kwa mwandishi kuliko jirani anayemsalimu asubuhi. Sijui mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi kwa nini waandishi wetu huanza taratibu kuandika kwa Kiingereza, kwa msomaji wa mbali, na ramani ya nchi yao ya kubuni ikaanza kuota theluji.

Kuuza kwa wasomaji wa nyumbani kupitia mtandao kuna vikwazo vyake pia. Facebook ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na tangu hapo anayeitaka imembidi kupita mlango wa nyuma wa VPN. Julai ya mwaka huo huo ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Wanaoandika kwa Kiswahili wameponea kwenye WhatsApp, kwa mtindo uliokomaa Tanzania: sura za mwanzo ni za bure, utamu ukikolea msomaji anatuma fedha kwa simu, ndipo anaingizwa katika kundi la wanaoendelea. Mtindo huo unadharauliwa na wasomi, nami sioni sababu. Unamlazimu mwandishi kujua kila jioni kama msomaji bado yupo, jambo ambalo mwandishi wa kitabu cha kutahiniwa hahitaji kulijua, kwa kuwa msomaji wake hana pa kwenda.

Namfahamu mmoja wa watu hawa, mwalimu wa sekondari upande wa Mukono. Huamka saa kumi alfajiri na kuandika hadi saa kumi na mbili, kisha huoga na kwenda kufundisha. Ana daftari gumu la hesabu za duka ambalo ndani yake mna kalenda ya nchi yenye miezi miwili angani, orodha ya viapo, na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa wino mwekundu: kila uganga lazima ulipiwe na kumbukumbu moja ya utotoni. Jioni huwa si mwandishi tena. Ni karani anayejibu wateja, anayebishana na mchoraji wa jalada kuhusu umbo la mkuki, anayefuatilia ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, katika Maktaba ya Taifa, na anayemkabidhi mwendesha boda kifurushi cha nakala mbili za kupelekwa Kireka. Kwa makisio yake mwenyewe, kuandika ni theluthi moja ya kazi ya uandishi. Mtu aliyekuwa akikimbia kazi ngumu asingechagua maisha haya.

Hoja ya upande wa pili iliyo nzito kweli kweli, na ambayo watetezi wa waandishi wa kujitegemea hupenda kuipita haraka, ni ya mhariri. Mhariri wa nyumba ya uchapishaji anaweza kukukatalia. Mhariri unayemlipa mwenyewe anaweza kukushauri, na usipopenda unamshukuru na kumlipa. Nimesoma riwaya za fantasia zilizojichapishia ambazo zingekuwa nzuri laiti mtu mmoja mwenye mamlaka angefuta sura nne za kwanza. Riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi, ambayo inachota katika simulizi za Buganda, ilishinda tuzo ya miswada ya Kwani?, nyumba ya uchapishaji ya mjini Nairobi, mwaka 2013, ikachapwa huko huko mwaka 2014, na mwaka 2017 ikatolewa Marekani. Hiyo ni njia ya taasisi, na ilizaa matunda ambayo Nasser Road haijayazaa. Nalikubali hilo bila masharti, ingawa siwezi kuacha kutaja kwamba mlango uliofunguka ulikuwa Nairobi.

Hoja ya mhariri inakuwa nzito zaidi palipo na mambo matakatifu. Uganda ni nchi ambayo malighafi ya fantasia bado ina wenyewe. Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi, ambao mwandishi kijana huwaona kama hazina ya mashujaa waliotoweka, wanaombwa hadi leo chini ya mti wa Nakayima katika kilima cha Mubende. Mashimo ya Ttanda, ambako Kayikuuzi alimfukuza Walumbe, yaani Kifo, hadi Walumbe akazama ardhini, yana watu wanaokwenda na sadaka. Jina la Kiganda aghalabu hutaja ukoo wa mtu, kwa hiyo kumpa mchawi wa hadithi jina ulilolipenda kwa sauti yake ni kumtia ndugu wa watu katika uchawi. Wanaosema kwamba mwandishi asiye na mtu juu yake ataparamia mambo haya wanasema kweli. Nauliza tu kama mhariri wa vitabu vya shule angemzuia, au angempongeza kwa kuhifadhi utamaduni. Mwalimu wa Mukono aliyafuta majina yote ya Kiganda katika mswada wake baada ya mama mkwe wake kusoma sura ya pili, na sijaona ripoti ya mhariri iliyofanya kazi haraka kiasi hicho.

Hoja kwamba fantasia ni fani ya kigeni sitaikawiza. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, mwaka 1951, na waliomtangulia walitupa majini na ndege wasemao. Kwa msomaji wa Kiswahili nchi isiyokuwapo ni jambo la kale. Kigeni hapa Uganda, kwa miaka mingi, kilikuwa Kiswahili chenyewe, kilichonuka kambi ya jeshi katika masikio ya wazee wengi, na hata baada ya Baraza la Mawaziri kuidhinisha Julai 2022 kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, itachukua muda hadi watoto wanaokisoma darasani wakitafute kitabu chake kwa raha zao. Mchapishaji anasubiri siku hiyo ifike. Mwandishi wa kujitegemea anaiandikia tayari, kwa fedha zake, na pengine atafilisika kabla haijafika. Sioni kwa nini aitwe mtu aliyekosa.

Kwa kitabu chake cha pili mwalimu yule ameamua kuacha unene. Anakitoa katika vijitabu vitatu vya kurasa 128, kila kimoja karatasi nane, jumla 24, na majalada matatu badala ya moja. Kwa jumla gharama imepanda, lakini msomaji analipa theluthi kwa mara moja, na fedha za kijitabu cha kwanza ndizo zitakazochapa cha pili. Mhariri wake analalamika kwamba kijitabu cha kwanza kinakwisha mfalme akiwa katikati ya mto, mguu mmoja hewani. Yeye anasema wasomaji wake wa WhatsApp wameshamwacha mfalme mahali pabaya kuliko hapo, na walilipa.