Bakteria Hawahesabiani Vichwa

Nimechoka kusoma, kila yanapotajwa mawasiliano ya bakteria (quorum sensing), kwamba bakteria "wanahesabiana", kisha wakitimia idadi fulani wanapiga kura na kuanza kazi. Nakubali, mfano huo unamfaa mwanafunzi siku ya kwanza. Siku ya pili unamharibia majaribio.

Seli hupima ukolezi wa ishara, yaani kemikali wanayoitoa bakteria wenyewe, pale ilipo, basi. Katika Vibrio fischeri, bakteria wa baharini anayetoa mwanga, kimeng'enya LuxI hutengeneza ishara, nayo hupenya utando wa seli na kutoka nje. Ikirundikana ndipo inashikana na protini LuxR na kuwasha jeni za mwanga. Baharini maji huichukua. Ndani ya kiungo cha mwanga cha ngisi mdogo wa Hawaii, wanamoishi bakteria hawa, imebanwa, haina pa kwenda. Kwa hiyo wingi wa seli ni jambo moja tu. Kuna ukubwa wa nafasi, kuna mtiririko, na kuna kuoza kwa ishara yenyewe.

Hapo kwenye kuoza ndipo kazi nyingi hufia. Pete ya laktoni, sehemu ya molekuli ya ishara hii, hufunguka pH ikipanda. Bakteria walioachwa usiku kucha kwenye LB, mchuzi wa kuoteshea bakteria, hula asidi amino, hutoa amonia, na kufikia asubuhi pH imeshavuka 8. Ishara ilitengenezwa, ikaharibika humohumo, na ripoti inaandikwa: "hawawasiliani." Tia bafa ya MOPS ya kutuliza pH, milimola 50 kwa lita, pH karibu na 7. Pima pH tena kabla ya kuvuna, na uikamue ishara kwa ethili asetati iliyotiwa asidi kidogo.

Halafu kuna CV026, bakteria wa kupimia ishara: ni Chromobacterium asiyejitengenezea ishara, anayegeuka zambarau akiipata ya mwenzake. Anaitikia ishara zenye mkia mfupi, kaboni 4 hadi 8. Mikia ya kaboni 10 na kuendelea haimgeuzi rangi, tena humzuia! Pleti nyeupe haithibitishi chochote. Changanya ishara ya kaboni 6 kwenye agari pamoja na CV026, weka sampuli yako kwenye kishimo kilichotobolewa katika agari hiyo, kisha tafuta duara jeupe katikati ya zambarau.

Bakteria Staphylococcus hutumia ishara ya peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino. Mambo yake ni mengine kabisa.

Na wanaosema bakteria hushambulia wakishajaa wamtazame Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu. Yeye ishara ikizidi huzima jeni za sumu na kuacha kujenga utando wa pamoja unaowashikilia bakteria (biofilm), apate kutawanyika. Dawa ya kuziba ishara, kwake, ingemwacha akiendelea kutoa sumu.