Bondo la Sangara wa Bati

Kazi yangu ni kuchekesha watu. Harusi, sendofu, kipaimara, mahafali ya chekechea, popote penye spika na pilau ukinipa maiki nasimama. Ila ukiingia kwangu Igogo, hapa Mwanza, bila kuambiwa utadhani nanunua vyuma chakavu. Sebuleni kuna lori la kuchezea lililotengenezwa kwa dumu la mafuta ya kula, matairi yamekatwa kwenye ndala zilizochoka. Kuna koroboi iliyofuliwa kwa kopo la dawa ya mbu, na yule mbu wa kwenye kopo bado anaonekana, kalala chali. Kuna bibi wa mti niliyemnunua kwa mchongaji wa kando ya barabara ya Musoma. Jicho moja kubwa, jingine dogo, anaangalia mlango muda wote kana kwamba anamdai mtu. Msimamo wa mke wangu juu ya haya yote ni mmoja tu: siku tukihama, mimi na vitu vyangu tutafute gari letu.

Wa kulaumiwa ni Bujora. Wasiopafahamu, ni pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada aliyeipenda ngoma kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nayo. Mwezi wa Juni kuna Bulabo, tamasha la ngoma, na kwenye Bulabo kuna Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa miaka na miaka. Mashindano yao hayana mambo ya majaji na kadi za alama. Pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye kashinda. Ndiyo maana mwenzako akileta ngoma wewe unaleta chatu. Akileta chatu, unaleta sanamu la mti linalotikisa mikono. Lengo ni upande wa pili wabaki wanachezea mbwa na mama zao.

Sasa na mimi nina Mgalu wangu. Ni mchekeshaji mwenzangu wa hapa hapa mjini, simtaji, amenunua suti inayowaka taa. Inawaka kweli, ana betri mfukoni. Tangu ainunue, kamati za harusi zikinipigia swali la kwanza ni, "Na wewe una taa?"

Nikaona dawa ya taa ni sangara.

Nilimfuata mzee mmoja fundi bati kule Mabatini, anayetengeneza mabeseni, majiko ya mkaa na masanduku ya shule. Nikamchorea kichwa cha sangara chini, kwa kijiti. Akakitazama sana, akasema, "Kijana, huyu ana meno?" Nikamwambia anayo. "Basi bei inapanda."

Kazi aliyoifanya yule mzee lazima niieleze vizuri, maana wengi walioiona waliishia kucheka. Kichwa chote kilikuwa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, yamefungwa kwa ribiti. Macho, taa za nyuma za pikipiki. Taya la chini lilikuwa na bawaba mbili za kabati, linafunguka kwa waya wa klachi: unabana mkono wa klachi kiganjani, mdomo unaachama, unaachia, springi inaufunga, paa! Unavaa kwa kupitia mdomoni. Unaachamisha taya, unaingiza kichwa, unaachia, na taya likijifunga linakaa chini ya kidevu chako kama kola ya shati jipya. Unaona kupitia kwenye mashavu, ambako mzee alitoboa matundu kwa msumari, moja moja, kwa mpangilio wa matamvua. Mwili ulikuwa gunia lililoshonewa vizibo vya soda vilivyopondwa, mamia kwa mamia, vikigongana unapotembea. Kizibo kimoja karibu na tumbo kilikuwa kimeandikwa "Jaribu tena".

Sangara huyo alitakiwa azinduliwe kwenye sendofu upande wa Sengerema. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, tangu Juni 2025, na mwenye gari anakatiza zake juu kwa juu. Mimi wa bodaboda na mzigo, feri ya Kamanga ndiyo saizi yangu. Nikapanda na kichwa mkononi, mwili kwenye mfuko wa salfeti, nikakaa pembeni mwa lori la saruji.

Mvua za ziwa mnazijua. Hazipigi hodi. Tulipokuwa katikati ya maji wingu likaja, matone makubwa yakaanza, watu wakakimbilia ndani na penye paa pakajaa. Mimi nilikuwa na paa langu. Nikabana klachi, nikaingia kwenye sangara, nikaachia. Kukavu, kutulivu, mvua inapiga bati juu ya kichwa, raha ya nyumba ndogo ya kupanga.

Kulikuwa na mtoto, wa miaka mitano hivi, aliyekuwa ananikodolea tangu Mwanza. Akasogea. Akauona mkono wa klachi unaning'inia. Akaubana kwa mikono yote miwili, akaning'inia nao. Nikasikia "tiki" nyuma ya sikio la kulia, sauti ndogo tu. Waya umekatika.

Mdomo ukabaki umefunga. Nikavuta taya kwa vidole. Springi ya mzee wa Mabatini haikuwa ya mchezo. Nikajaribu kutoka kwa juu, masikio yakakataa. Mtoto akamkimbilia mama yake: "Mama, samaki kamla mjomba!"

Mvua ikakatika, watu wakatoka. Nchi yenyewe ni ya wavuvi, kila mtu ni mtaalamu. Kijana mmoja akanipima kwa mkono kuanzia pua mpaka kisogo, akawatangazia wenzake, "Huyu kavuka sentimita hamsini, halali kabisa, hakamatwi mtu." Mwingine akagonga bati akauliza bondo lake linauzwaje. Wasiojua: bondo ni lile pulizo la ndani ya tumbo la sangara, Wachina wanalinunua kwa bei ambayo minofu haijawahi kuiota. Nikamjibu kutoka ndani, "Bondo ni mimi." Sauti ilitoka kwenye bati na mwangwi wake. Yule bwana akaruka nyuma, akamkanyaga mama wa watu mwenye kapu la nyanya, na kuanzia hapo nusu ya feri ilikuwa inaokota nyanya, nusu inanitukana, na nahodha anapiga honi ambayo hadi leo sijui ilimhusu nani.

Pale Kamanga fundi pikipiki alinikalisha kwenye stuli, akazunguka kichwa changu na spana namba kumi, halafu akatoa majibu ya daktari: "Waya si tatizo, waya ninao. Tatizo ribiti. Huyu hajafungwa kwa bolti, kafungwa kwa maisha. Kumfungua ni kumkata, na mkasi wa bati sina." Nikamuuliza nani anao. Sengerema mjini. Na mimi naelekea Sengerema mjini. Bodaboda akakubali kunipeleka kwa sharti moja, nisimkumbatie, maana meno yalikuwa yanamchoma mgongoni.

Nilifika sherehe imeshaanza. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa heshima, baba mkubwa wa binti, akanipokea getini kwa utulivu mkubwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaniinamia kwenye shavu la samaki. "MC?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umeanza kazi nje?"

Nikamweleza. Akasikiliza, akaitikia "ehee, ehee," akasema mkasi utatafutwa, ila ratiba ni ratiba, na wageni wa upande wa mume wameshakaa. Akanivalisha mwili wa vizibo yeye mwenyewe, akanifunga kamba mgongoni, akanisukuma ukumbini.

Nilikuwa na utani wangu mzuri, niliuandaa wiki nzima. Utani kuhusu washenga, kuhusu mahari ya ng'ombe na mshenga asiyejua kuhesabu. Hakuna aliyeusikia. Maiki ilikuwa haiingii mdomoni, dijei akaisukuma kwenye tundu la shavu, kila neno likatoka mara tatu. Nikisema "karibuni," ukumbi unasikia "karibuni-buni-buni." Watu walilia. Bibi mzaa bibi wa binti, aliyekuwa amekaa mbele amefunikwa khanga, alicheka mpaka wakampelekea maji, halafu akayakataa maji kwa kuwa angeyacheka pia. Nilijaribu kuwaambia kwamba nimekwama, kwamba hili si igizo, naomba mkasi. Wakapiga makofi. Nikarudia kwa sauti ya huzuni kabisa. Wakasimama.

Kisha wakaanza kutunza. Na MC aliye ndani ya samaki anatunzwa wapi? Mdomoni. Shangazi wa kwanza akakunja noti akaipenyeza katikati ya meno, ikashuka, ikanikaa shingoni. Wakapanga foleni. Noti za elfu mbili, za elfu tano, moja ya elfu kumi niliyoitambua kwa harufu ya upya wake, zote zinateremka kwenye taya, zinanitekenya kidevu, na mikono yangu haifiki. Kuna mjomba alipenyeza kipande cha nyama ya kuku. Nilikila, nisiwe mnafiki, nilikuwa sijaonja kitu tangu asubuhi. Ukumbi ulipoona nyama imeingia na haikurudi, ndipo mambo yakaharibika kabisa. Ndizi, sambusa, kijiko cha pilau. Soda walinimiminia kwa mrija.

Mkasi ulikuja saa tano usiku, umebebwa na kijana aliyeamshwa usingizini. Akanikata kuanzia kisogoni mpaka juu ya pua. Nilipotoka, noti zilimwagika pamoja na punje za wali, na mwenyekiti akasimamia kuhesabu mbele ya mashahidi, akitenganisha hela na pilau kwa kucha. Fundi mkasi akadai fungu lake. Yule bodaboda, ambaye sikujua kwamba alibaki akala, naye akadai, kwa hoja kwamba yeye ndiye aliyemvua samaki kutoka Kamanga. Wakagawana. Nilichobaki nacho kilitosha nauli na kumlipa mama wa nyanya, kama ningemwona.

Kichwa kilikuwa nusu mbili, sikuwa na hamu ya kukibeba tena. Mwenyekiti akaniomba. "Mwanangu, niachie hii. Nina kazi nayo."

Yule wa suti ya taa, nasikia, sasa anatafuta fundi wa kumtengenezea mamba. Mimi nimerudi kwa mzee wa Mabatini, tunajadiliana kuhusu bolti.

Wiki iliyopita mwenyekiti alinitumia picha. Kaziunganisha zile nusu kwa waya, kaziweka nyuma ya jiko, na ndani, nyuma ya meno, kuku wake katulia juu ya mayai ananitazama kwa jicho moja. Chini mzee kaandika: "Wakitotolewa njoo uchukue vifaranga wawili. Ndiyo kodi ya nyumba."

Nikamjibu kwamba nataka watatu. Nyumba ina taa.