Uniti 75 zinavyomrudisha mpishi kwenye mkaa

Mjadala wa nishati safi ya kupikia ukifika Tanga huishia kwenye wali. Tunaambiwa watu wa mwambao hawaachi mkaa kwa sababu wali wa nazi haupaliwi kwa umeme. Kuna ukweli kidogo hapo, na mimi mwenyewe nautetea ukoko wa makaa. Ila ladha haielezi kwa nini nyumba ya Makorora yenye umeme, friji na televisheni inatuma mtoto dukani kila jioni kununua mkaa wa kopo. Mwenye nyumba hiyo si mshamba wala si mbishi. Amepiga hesabu.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sababu zake hazina ubishi. Moshi wa jikoni unaua, na wanaoumia kwanza ni wanawake na watoto wanaoshinda jikoni. Misitu ya Handeni na Kilindi inaingia mjini kila siku ikiwa ndani ya magunia. Wanaosema mkakati huu ni wa kumfurahisha mfadhili wa Ulaya waende wakakae nusu saa tu kwenye kibanda cha mama ntilie anayekoka kuni mbichi.

Tabu inaanzia kwenye njia iliyochaguliwa. Utafiti wa nishati wa 2019/20 ulionyesha kuni zinategemewa na asilimia 63.5 ya kaya, mkaa 26.2, gesi 5.1, umeme 3. Tatu! Hii ni nchi ambayo Machi 2024 ilizima baadhi ya mitambo yake ya umeme wa maji kwa kuwa umeme umezidi mahitaji, kisha ikaendelea kuwasha mitambo ya Bwawa la Nyerere hadi kufikia megawati 2,115. Mkoa wa Tanga wenyewe una Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Ilhali kinachogawiwa kwenye mikutano ya hadhara, picha zikipigwa, ni mitungi ya gesi ya kilo 6, gesi inayoagizwa nje kwa dola.

Kwa nini basi wenye umeme hawaupikii? Kwa bei elekezi iliyowekwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mteja mdogo wa nyumbani analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi na tozo, inakuwa 122. Akivuka, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya kodi, na akizoea kuvuka anahamishiwa daraja la juu, ambako uniti zote, kuanzia ya kwanza, ni 292, yaani kama 356 na kodi zake.

Chukua familia inayotumia uniti 40 kwa taa, friji na feni. Inalipa kama shilingi 4,880 kwa mwezi. Ikanunua presha kuka ya umeme, na tuseme ikawa inakula uniti moja na theluthi kwa siku kwa maharage, wali na chai: hizo ni uniti 40 nyingine. Jumla 80. Imevuka mstari kwa uniti tano tu, na ikishahamishwa daraja bili inakuwa shilingi 28,500. Chungu kimoja kimeongeza zaidi ya shilingi 23,000, kwa sababu sasa hata taa ya ukumbini inalipiwa kwa bei ya mkubwa. Uniti za kupikia zimemgharimu karibu 590 kila moja, zaidi ya bei yoyote iliyomo kwenye jedwali la TANESCO.

Hapo nimezungumzia mwenye mita yake. Ngamiani, kwenye nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na ukumbi katikati, mita ni moja kwa wapangaji wote. Nyumba kama hiyo ilishavuka 75 zamani. Mpangaji akionekana anaingiza jiko la umeme, mwenye nyumba atakuja juu kabla maji hayajachemka, maana pesa ya LUKU huchangwa sawa kwa sawa na majirani hawatakubali kumlipia mwenzao maharage. Wenye submita wana nafuu kidogo ya kujua nani katumia nini, lakini bei ni ileile ya juu. Mkaa una sifa moja ambayo mkakati haujaupatia mshindani: unanunuliwa kwa pesa ya leo, na hauombi ruhusa ya mtu. Gesi nayo ikiisha, mtungi mdogo unahitaji zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo.

Dawa ni kuusogeza mstari wa uniti 75 ili kupikia kuingie kwenye bei ya chini. Wanaopinga nao wana hoja, na si nyepesi. TANESCO haiwezi kuuza kila uniti kwa 122. Bei hiyo inabebwa na wateja wengine, na nafuu ya maskini ikipanuliwa ovyo watakaoinywa ni wenye viyoyozi. Mtandao nao una udhaifu wake: Machi 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba umeme unaosafirishwa kutoka mbali unapotea njiani. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, mwenye gesi anaendelea kupika.

Ila hoja ya hasara ina tundu. Familia yetu ya uniti 40, ikiruhusiwa kupikia zile nyingine 40 kwa bei ya chini, italipa shilingi 9,760. TANESCO inapata mara mbili ya ilichokuwa ikipata, kwa umeme ambao familia isingeununua kabisa. Kiasi kinachoonekana kupotea, karibu 18,700, hakikuwahi kuwapo, kwani kwa bei hiyo familia ingebaki na mkaa wake. Hasara ya kweli iko kwa wale ambao tayari wamo daraja la juu na watashuka mstari ukisogezwa. Hao wanahesabika, mita zao zinajulikana, na EWURA inaweza kuiweka hesabu hiyo mezani kabla ya mtungi mwingine kugawiwa.