Kuku wa Punguzo: Nafuu ya Kweli Iko Wapi?

Kuku aliyekwisha kuokwa, anayebandikwa punguzo saa chache kabla duka halijafungwa, humvutia mnunuzi kwa mambo mawili: bei yake imeshuka, na kazi ya jikoni imekwisha kufanywa na mtu mwingine. Yote mawili ni kweli. Tatizo ni kwamba wengi hulinganisha bei hiyo na ile aliyouziwa kuku yuleyule mchana, ilhali cha kulinganisha ni gharama ya kumnunua kuku mbichi na kumwoka mwenyewe nyumbani.

Hesabu hiyo huanzia kwenye mizani. Kuku mbichi akiokwa hupoteza takriban robo ya uzito wake kwa maji na mafuta yanayochuruzika, kwa hiyo anayelinganisha bei za kila kilo bila kuzingatia hilo humwonea kuku aliyepikwa. Kisha kuna nishati: kuku wa kilo moja na nusu huhitaji zaidi ya saa moja katika oveni yenye joto la nyuzi 180 za Selsiasi, na saa hiyo hulipiwa. Anayekata vipande na kuvichemsha hutumia moto mdogo zaidi, na kwake tofauti inaweza kuwa ndogo mno.

Kuhusu muda, sifa inayotolewa mara nyingi imetiwa chumvi, kwani kuku aliye ndani ya oveni hahitaji kusimamiwa. Kinachookolewa hasa ni kumwandaa, kusugua trei iliyogandiwa na mafuta na, kwa maoni yangu, ule uamuzi wa mtu aliyerudi amechoka na ambaye, kama asingemkuta kuku huyo, angeagiza chakula cha mgahawani kwa bei ya juu. Hapo ndipo punguzo linapolipa vizuri zaidi.

Hata hivyo, duka lina sababu ya kushusha bei. Kuku wa moto hutunzwa katika kabati lenye joto la zaidi ya nyuzi 60, ambamo bakteria hawazaliani, lakini kila saa inayopita humkausha. Kidari ndicho huharibika kwanza, kikawa nyuzinyuzi zisizo na maji, ilhali paja lenye mafuta huvumilia. Ngozi iliyosinyaa na kurudi nyuma kwenye mfupa wa mguu ni dalili kwamba amekaa sana. Huyo anafaa mchuzi kuliko kuliwa mkavu.

Jambo zito zaidi ni usalama baada ya kuku kutoka kabatini. Nyama iliyopikwa haipaswi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, na saa hizo zinajumuisha foleni, safari ya nyumbani na muda wa mezani. Mbegu za bakteria aina ya Clostridium perfringens hustahimili kupikwa, kisha huchipua nyama inapopoa polepole. Na sumu inayotolewa na bakteria wengine, Staphylococcus aureus, haivunjwi kwa kupasha moto. Ndiyo maana nyama inayobaki inyambuliwe jioni ileile, itandazwe katika vyombo visivyo na kina na kuwekwa kwenye jokofu lisilozidi nyuzi 4, iliwe ndani ya siku tatu au nne, na ikipashwa ifike nyuzi 74. Kazi hii, ambayo wasifiaji huisahau, hula sehemu ya muda uliookolewa.

Kuna pia chumvi, ambayo punguzo haliigusi. Kuku wengi wa aina hii hudungwa maji ya chumvi ili wabaki laini, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Mwenye shinikizo la damu ana haki ya kusita, na kwake kuku mbichi anayekolezwa nyumbani ni chaguo bora hata akigharimu zaidi. Anayechemsha mifupa kupata supu naye aionje kwanza kabla ya kuongeza chumvi.

Familia kubwa inayommaliza kuku usiku mmoja hupata karibu faida yote na hukwepa karibu hatari zote. Anayeishi peke yake bado anaweza kufaidika, mradi awe na nafasi kwenye friza na subira ya kunyambua. Kuku wa pili, aliyechukuliwa kwa sababu tu kibandiko kilivutia, ndiye huvuruga hesabu: akitupwa siku ya tano, bei ya yule wa kwanza imepanda maradufu.