Shabiki anasamehe deni la nani?

Julai 2, 2010, uwanja wa Soccer City, Johannesburg. Robo fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ghana na Uruguay imefika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza, matokeo yakiwa 1-1. Mpira wa kichwa wa Dominic Adiyiah unaelekea wavuni. Luis Suárez, mshambuliaji aliyesimama kwenye mstari wa goli kana kwamba ni kipa, anaupangua kwa mikono. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan anapiga, mpira unagonga mtambaa wa panya na kupaa. Uruguay wanashinda kwa matuta 4-2, na Afrika inakosa nusu fainali yake ya kwanza ya Kombe la Dunia.

Miaka 12 baadaye timu hizo zilipangwa tena pamoja, Qatar. Kabla ya mechi, mwandishi wa habari alimweleza Suárez kwamba kuna Waghana wanaomwona kuwa ni shetani mwenyewe, akamuuliza kama ataomba radhi. Akakataa. Alisema yeye alishika mpira, akatolewa kwa kadi nyekundu, na aliyekosa penalti si yeye. Kesho yake Uruguay ilishinda 2-0 lakini timu zote mbili zikaaga mashindano, na machozi ya Suárez kwenye benchi yakawa faraja ya Waghana wengi.

Katika hili niko upande wa Suárez, ingawa usiku ule wa 2010 uliniuma kama ulivyomuuma kila aliyekuwa akiiombea Ghana. Sheria za soka zimeweka bei ya kuzuia goli kwa mkono, na bei hiyo ililipwa palepale. Hakuna aliyejeruhiwa wala aliyedanganywa: mwamuzi aliona, dunia nzima iliona. Kumdai mtu msamaha kwa kosa alilokwisha kulipia mbele ya macho yetu ni kumdai mara mbili.

Lakini Suárez huyohuyo, Oktoba 2011, akiwa mchezaji wa Liverpool, alimtolea Patrice Evra wa Manchester United maneno ya kumdhalilisha kwa rangi ya ngozi yake. Tume ya Chama cha Soka cha Uingereza ilimkuta na hatia, ikamfungia mechi 8 na kumtoza faini ya pauni 40,000. Wachezaji wenzake wakaingia kupasha misuli ugenini kwa Wigan wakiwa wamevaa fulana zenye picha yake. Evra, ambaye ndiye aliyetukanwa, aliporudi Anfield, uwanja wa Liverpool, Januari 2012 alizomewa kila alipogusa mpira. Ilibidi ipite miaka mpaka 2019 ndipo Jamie Carragher, mmoja wa waliovaa fulana zile, alipomwomba Evra radhi mbele ya kamera. Barua ya radhi ya klabu ikafuata baadaye.

Sasa jiulize ni wangapi kati yetu, huku Afrika, bado tuna kinyongo na mkono wa 2010, na ni wangapi tunakumbuka kilichompata Evra. Mkono ulitunyima furaha sisi. Matusi yalimwumiza mtu mwingine. Basi la kwanza tumelishikilia kama kovu letu, la pili tumelisamehe bila hata kuombwa.

Kila nyota anapoharibu, mashabiki hugawanyika. Upande mmoja husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Upande wa pili hujibu kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Methali zote mbili zina ukweli wake, na ndiyo sababu mabishano haya hayaishi. Nionavyo mimi, tunakosea kabla hata ya kuanza kubishana, kwa kuwa hatuulizi deni ni la nani. Kusamehe ni kufuta deni, na mwenye haki ya kulifuta ni anayedai. Mashabiki kuna mambo tunayodai kwelikweli. Mengine hatudai chochote, ila tunachukua daftari la mtu mwingine na kuanza kufuta.

Nianze na yale tunayodai, kwa sababu hapo ndipo hoja ya msamaha ina nguvu zaidi. Agosti 2010, katika uwanja wa kriketi wa Lord's, London, wachezaji wa Pakistan walikubali hela ili wakanyage nje ya mstari kwa makusudi wakati wa kurusha mipira fulani iliyopangwa mapema, kwa faida ya wacheza kamari. Mmoja wao alikuwa Mohammad Amir, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akitajwa miongoni mwa warushaji bora wa kizazi chake. Nahodha wake, Salman Butt, mtu mzima aliyepaswa kumlinda, alikuwa ndani ya mpango huohuo. Amir alikiri kosa kabla kesi ya London haijaanza, akahukumiwa miezi 6 katika gereza la vijana na kufungiwa kriketi miaka 5.

Aliporudi, si wote waliomkaribisha. Desemba 2015 Mohammad Hafeez na Azhar Ali walisusa kambi ya timu ya taifa kwa sababu yake. Siwalaumu. Mchezaji anayejitolea jasho lake kwa haki ana sababu ya kukataa kukaa chumba kimoja na aliyeuza mchezo, na kuna wanaoamini mpaka leo kwamba jezi ya taifa ikishauzwa hairudishwi mwilini. Hoja yao nyingine ni nzito zaidi: kijana anayeshawishiwa leo akiona waliomtangulia wamerudi na kushangiliwa, ataogopa nini? Hata hivyo wawili hao waliishia kujiunga na kambi, na Juni 2017, katika fainali ya Kombe la Mabingwa, Amir aliwatoa wapigaji watatu wa kwanza wa India, Virat Kohli akiwemo, na Pakistan ikatwaa kombe.

Hapa naona shabiki wa Pakistan alikuwa na haki kamili ya kusamehe. Aliyedanganywa ni yeye: alilipa kiingilio, alikesha mbele ya televisheni, aliamini anachokiona ni mchezo kumbe ni biashara. Mkosaji alikiri, alifungwa, alikaa nje ya kriketi ya kimataifa miaka yote 5, na alikuwa bado mtoto mtoto alipoharibu. Kama msamaha haumfai mtu wa namna hiyo, sijui umewekewa nani.

Linganisha na Ben Johnson wa Kanada. Olimpiki ya Seoul, 1988, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, na siku chache baadaye alinyang'anywa dhahabu kwa kutumia dawa za kusisimua misuli. Alirudi baada ya kufungiwa, na mwaka 1993 akakutwa tena na dawa, akafungiwa maisha. Wahenga walishamaliza hili: kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Shabiki aliyempokea mara ya kwanza hakukosea kumpokea. Aliyekosea imani ni Johnson.

Ugumu unaanza pale anayedai asipokuwa sisi.

Mike Tyson alitiwa hatiani kwa ubakaji mwaka 1992, huko Indianapolis. Alitoka gerezani Machi 1995, na Agosti mwaka huohuo akapanda ulingoni dhidi ya Peter McNeeley, pambano lililodumu sekunde 89. Ukumbi ulijaa, na televisheni zilikusanya mamilioni ya dola kwa watazamaji waliolipia. Tyson amekana kosa hilo siku zote, kwa hiyo hakuna radhi aliyoiomba. Waliomshangilia usiku ule walikuwa wamesamehe nini, kwa niaba ya nani?

Halafu Juni 1997 Tyson akamng'ata sikio Evander Holyfield, ulingoni. Miaka ikapita, akamwomba Holyfield radhi hadharani, Holyfield akakubali, na wawili hao wameonekana pamoja mara nyingi wakiwa marafiki. Huo ni msamaha ninaouelewa, kwa kuwa mwenye sikio ndiye aliyesamehe. Lakini ukisikiliza watu wakisema “Tyson tulishamsamehe”, wanafunga matukio yote mawili katika furushi moja, na mwanamke wa Indianapolis hakuna aliyemuuliza.

Watetezi wa msamaha wana jibu, na si jibu dhaifu. Wanasema mtu aliyehukumiwa na kumaliza kifungo ameshalipa deni lake kwa jamii, na fundi au dereva aliyetoka jela haambiwi asishike tena kazi yake. Kwa nini bondia aambiwe? Tena wanaongeza kwamba binadamu hubadilika. Michael Vick, nyota wa mpira wa Kimarekani, alihukumiwa kifungo cha miezi 23 mwaka 2007 kwa kuendesha mashindano ya kupiganisha mbwa, ambako mbwa walioshindwa waliuawa kikatili. Mwaka 2009 alirudi uwanjani na Philadelphia Eagles, na nje ya uwanja alizunguka akizungumza na vijana dhidi ya ukatili uleule alioufanya, akaunga mkono sheria ya kuwabana hata wanaokwenda kutazama. Kuna wapenda wanyama ambao hawatamsamehe daima. Hata hivyo huwezi kusema mtu huyu alikaa tu akingoja watu wasahau.

Nakubaliana nao kuhusu kazi. Aliyemaliza adhabu arudishiwe riziki yake, maana kumnyima mtu kazi milele ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitoa. Ninapoachana nao ni pale wanapochanganya kazi na mapenzi. Kumwacha mtu acheze ni haki yake. Kumwimbia, kuvaa jina lake mgongoni, kumwekea mwanao picha yake ukutani, hayo si haki ya mtu yeyote, hata yule asiye na doa. Ni zawadi, na zawadi hutolewa kwa hiari. Dereva aliyetoka jela anarudishiwa usukani, harudishiwi nyimbo za watu 60,000. Na aliyeumizwa naye hazisikii nyimbo hizo kila akiwasha televisheni.

Lipo pia onyo kwa upande wangu. Mchezaji wa soka Ched Evans alitiwa hatiani kwa ubakaji mwaka 2012 huko Wales, na alipotoka gerezani klabu zilizofikiria kumsajili zilirudi nyuma kwa ghadhabu ya umma. Hukumu ile baadaye ilifutwa, na Oktoba 2016, kesi iliposikilizwa upya, aliachiwa huru. Waliomkataa mwanzoni walitegemea hukumu ya mahakama, kwa hiyo siwaiti wazushi. Ila kisa hicho kinatosha kumzuia shabiki asijifanye hakimu, iwe kwa kulaani au kwa kutakasa.

Na tusijifiche nyuma ya maneno makubwa. Mara nyingi tunachokiita msamaha ni magoli tu. Aprili 2013 Suárez alimng'ata Branislav Ivanović wa Chelsea, mchezaji wa pili kung'atwa naye, akafungiwa mechi 10. Msimu uliofuata alifunga magoli 31 ya ligi, na nani aliyekuwa bado akilizungumzia jino? Nilimshangilia nami. Sikuwa nimemsamehe, nilikuwa nimeburudika. Juni 2014 akamng'ata Giorgio Chiellini mbele ya dunia nzima. Kama angekuwa beki wa akiba anayeingia dakika ya 85, tungemvumilia mpaka mtu wa tatu? Swali hilo ndilo ninalolitumia siku hizi kujipima: nikikuta huruma yangu inapanda na kushuka pamoja na kiwango cha mchezaji, najua haikuwa huruma.

Lance Armstrong ananisaidia kutenganisha madeni. Alinyang'anywa mataji yake 7 ya mbio za baiskeli za Tour de France mwaka 2012, na Januari 2013 akakiri mbele ya Oprah Winfrey kwamba alitumia dawa. Mashabiki wakabishana kuhusu dawa: wengine wakasema waendesha baiskeli wengi wa zama zile walikuwa wachafu, wengine wakachoma kila kitu walichokuwa nacho chenye jina lake. Lakini kosa lake zito kwangu ni lingine. Emma O'Reilly, aliyekuwa mkandaji wa timu, alisema ukweli mapema, na Armstrong akamchafulia jina na kumfungulia kesi. Walipokutana ana kwa ana baada ya yote kufichuka, alimwomba radhi, na O'Reilly akamsamehe. Deni lile limefutwa na mwenyewe. Deni letu la kudanganywa miaka 7 kila shabiki analo mkononi, na anaweza kulifuta au kulitunza bila kumkosea mtu.

Aprili 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alivuka mstari wa kwanza katika marathoni ya Boston kwa saa 2:18:57. Wa pili alikuwa Bizunesh Deba wa Ethiopia, saa 2:19:59. Baadaye mwaka huo Jeptoo alikutwa na EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza nguvu, na mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamwongezea adhabu mpaka miaka 4 na kufuta matokeo yake, Boston ikiwemo. Deba akawa bingwa wa kwenye karatasi. Utepe aliukata mwingine, wimbo wa taifa ulipigwa wa mwingine, na pesa za ushindi alizostahili hakuziona kwa miaka mingi. Mabishano yote yalikuwa juu ya Jeptoo, ahurumiwe au asihurumiwe, na jina la Deba halikutajwa. Mwaka 2024 shabiki mmoja wa Marekani, mfanyabiashara asiyehusika kwa lolote na kosa lile, alisoma habari za Deba, akamtafuta, akamtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake.